SOMO: HASIRA NYUMBANI NA KINGA YA MWILI

Twasema hasira ni hasara. Wengi wetu hufikiria sahani zilizovunjwa ama urafiki ulioharibika. Lakini je, mlijua kwamba ugomvi unaweza hata kuchelewesha kidonda kupona?

Jambo hili lilipimwa. Mwaka wa 2005 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi wa jozi 42 za mume na mke. Kila jozi ililala hospitalini mara mbili. Kila mara walitiwa vidonda vidogo vya malengelenge mkononi. Mara ya kwanza waliongea kwa kutiana moyo. Mara ya pili waliongea juu ya jambo wanalogombania.

Baada ya yale maongezi ya ugomvi, vidonda vilichukua siku moja zaidi kupona. Na wale waliozoea kuongea kwa ukali na dharau, vidonda vyao vilipona kwa kasi ya asilimia 60 tu ya wale wapole.

Kwa nini? Mtu akikasirika, mwili hujitayarisha kupigana. Moyo unaenda mbio, na homoni kama adrenalini na kotisoli zinaingia katika damu. Ukikutana na nyoka, hilo ni jambo jema. Lakini hasira ya kila siku huvuruga kinga. Kwenye kidonda, ishara za kuwaita askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, zinapungua. Katika damu, ishara hizo hizo zinapanda bila kazi. Zikikaa juu miaka mingi, huchangia ugonjwa wa moyo na kisukari.

Angalieni: hatusemi watu wasikosane. Jozi zote zilikuwa na la kugombania. Tofauti ilikuwa namna ya kuongea. Tena upole si dawa: kidonda kioshwe kwa maji safi na sabuni, na kikizidi, nendeni zahanati. Na anayepigwa asiambiwe anyamaze ndiyo apone. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 inamlinda.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Nyumbani kwenu, ni maneno gani huwasha ugomvi?
2. Jambo gumu kama pesa, mtaliongea saa ngapi na vipi, bila matusi?
3. Kikundi chetu kitamsaidiaje anayeumizwa nyumbani?