Presha ya Jicho Iliyoletwa na Kisukari: Kabla Hujapasuliwa

Wengi huomba upasuaji wakidhani utarudisha nuru. Haurudishi. Neva ya jicho ikishakufa haifufuki. Daktari anapasua ili kilichobaki kisipotee, na maumivu yatulie.

Presha hii si ile inayonyemelea kimyakimya uzeeni. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huziba mishipa midogo ya retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha. Retina ikikosa oksijeni huchochea mishipa mipya, nayo huota ovyo hadi mbele ya jicho na kuziba njia ya kutolea maji ya ndani (si machozi, hayo ni mengine). Kipimo cha kawaida cha presha ya jicho ni kati ya milimita 10 na 21 za zebaki. Hapa kinaweza kupita 40. Jicho huwa jekundu, kichwa hugonga, na wengine hutapika wakadhani ni malaria.

Kisu hakitangulii. Kwanza hudungwa sindano ya kunyausha mishipa hiyo, kama bevasizumabu, ndani ya jicho lililotiwa ganzi. Retina nayo hupigwa leza. Nguvu ya sindano huisha baada ya wiki kadhaa, mishipa ikaota tena. Leza ndiyo inayokaa. Ukiambiwa urudi kwa leza, rudi, hata kama jicho haliumi tena. Wengi huishia njiani hapa, na hata upasuaji mzuri huharibika retina isipotibiwa.

Matone na vidonge visiposhusha presha, mara nyingi huwekwa kijibomba laini kinachotoa maji mbele ya jicho hadi kwenye kisahani kilichofichwa chini ya utando wa juu wa jicho. Maarufu ni vali ya Ahmed. Aurolab ya India hutengeneza kifaa cha bei nafuu zaidi. Tundu linalotobolewa bila kijibomba huelekea kuziba upesi katika jicho la namna hii. Jicho lisiloona tena lakini linauma huweza kupigwa leza kwenye sehemu inayotengeneza maji.

Kama una tatizo la figo, sema mapema: vidonge vya asetazolamidi si vya kila mtu. Uliza pia namna ya kutumia dawa za sukari siku ya upasuaji, usijiamulie.

Ukitoka, usilisugue jicho, usibebe ndoo ya maji, usiruke matone. Ukiona usaha, maumivu mapya au nuru kupungua ghafla, rudi hospitali siku hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kliniki.