Kwa Nini Jogoo Hahitaji Mwalimu na Chiriku Anamhitaji



Mwalimu wetu wa falsafa ya maumbile ana karipio moja analolipenda: "Msikariri kama kasuku." Muhula huu tulipopewa zamu ya kuandaa somo kuhusu sauti za wanyama, tuligundua kwamba kasuku ameonewa. Kusikia sauti ngeni na kulizoeza koo liitoe ni kazi ambayo mbwa haiwezi, na sokwe, pamoja na akili zake zote, karibu imemshinda kabisa. Uwezo huo umetoka wapi? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana, kama tutakavyoona tukifika kwa mtoto mmoja wa kigangoni.

Tuanze na kuku. Kifaranga aliyetotolewa kwenye mashine, asiyewahi kusikia jogoo, akikua anawika bila kosa. Masakazu Konishi alionyesha katika miaka ya 1960 kwamba hata kuku asiyesikia hutoa milio yake ya kawaida. Chiriku, kanari na ndege wengine waimbao hawako hivyo. Mwaka 1965 Konishi huyohuyo alieleza habari za shomoro wa Amerika mwenye utosi mweupe: akipoteza usikivu kabla hajaanza kujizoeza, wimbo wake huharibika, hata kama alimsikia ndege mkubwa alipokuwa kinda. Kumsikia mwalimu hakutoshi. Lazima ajisikie mwenyewe akikosea na kujirekebisha.

Sisi wanafunzi wa falsafa tulifurahi kukuta kwamba Aristotle aliliona jambo hili mapema. Katika kitabu chake cha historia ya wanyama anasema ndege wadogo waliolelewa mbali na wazazi wao huimba tofauti nao, na kwamba ndege wa jamii ya naitingeli alionekana akimfundisha kinda wake.

Kilichomo kichwani kilianza kuonekana mwaka 1976, Fernando Nottebohm na wenzake walipochora njia za wimbo katika ubongo wa kanari. Ziko njia mbili. Ya kwanza huanzia kwenye kituo kiitwacho HVC, hupita kituo cha RA na kushuka hadi kwenye neva za koo na za pumzi. Hii ndiyo ya kuimbia. Ikikatwa, wimbo umekwisha. Ya pili huzunguka. Hutoka HVC, hupita Eneo X lililo ndani kabisa ya ubongo, kisha hurudi RA kwa kupitia kituo kingine kiitwacho LMAN. Hii ni ya kujifunzia. LMAN ikiharibiwa kwa ndege mzima aliyekwisha kujua wimbo, anaendelea kuimba kama kawaida. Ikiharibiwa kwa kinda, masomo yanaishia hapo. Kuku hana njia hizi. Milio yake huongozwa na sehemu za chini za ubongo, karibu na shina lake.

Basi njia hizi zilitokeaje? Kati ya ndege wote, makundi yanayojulikana vizuri kwa kujifunza sauti ni matatu: ndege waimbao, kasuku, na kolibri, wale wadogo wa Amerika wanaofyonza nekta wakielea hewani (wanafanana na chozi wetu, lakini si jamaa yake, chozi yumo katika ndege waimbao). Makundi yote matatu yana vituo vinavyofanana kichwani. Hapa wataalamu wanagawanyika. Wengine husema uwezo ulizuka kila mahali peke yake. Wengine husema babu mmoja alikuwa nao na wajukuu wengi wakaupoteza. Uchunguzi wa DNA umeleta utata wa kupendeza, kwani umeonyesha kwamba kasuku na ndege waimbao ni jamaa wa karibu kuliko ilivyodhaniwa.

Kwetu sisi, hoja nzito zaidi ni ile ya mwaka 2008 ya kundi la Erich Jarvis. Waliwaacha ndege waruke au warukeruke, kisha wakatazama ni seli zipi za ubongo zilizoamka. Katika makundi yote matatu, sehemu zilizoamka kwa mwendo wa mbawa na miguu zilikuwa jirani kabisa na vituo vya wimbo. Njiwa, ambaye hajifunzi wimbo, anazo sehemu za mwendo mahali palepale, ila vituo vya wimbo havipo. Ndipo wakapendekeza kwamba njia ya wimbo ilichipuka kutoka njia ya kale ya mwendo: ile njia ikajirudufu, na nakala ikaunganishwa na koo. Ni nadharia bado. Lakini inaeleza kwa nini makundi matatu yanaweza kufika mahali pamoja bila kurithiana: yote yalianza na mtaji uleule.

Na binadamu je? Ukoo wetu na wa ndege uliachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Hata hivyo, mwaka 2001 ilijulikana kwamba hitilafu katika jeni iitwayo FOXP2 huvuruga usemi katika familia moja ya Uingereza. Mwaka 2007 jeni hiyohiyo ilipopunguzwa nguvu katika Eneo X la makinda wa ndege mmoja wa Australia, waliiga wimbo vibaya. Kwa msomaji anayesita akisikia neno mageuko katika jarida la seminari: Papa Pius XII, katika Humani Generis ya 1950, aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili, akishikilia kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Nasi tusichanganye chombo na maana. Aristotle huyohuyo alitenga sauti inayoonyesha raha na maumivu na neno linalotamka haki na dhuluma. Ndege ana shule ya sauti. Hatujasikia akijadili haki.

Sasa yule mtoto. Likizo iliyopita, tukiwa kwenye kazi za kichungaji, mama mmoja alituuliza kuhusu mwanawe wa miaka 3 asiyesikia wala kusema. Tulimjibu avumilie, huenda atasema akikua. Tulimjibu kana kwamba mtoto ni jogoo. Usemi unahitaji kusikia, na unahitaji miaka ya mwanzo. Ubongo wa mtu mzima haujifunzi lugha ya kwanza kama wa mtoto. Lakini lugha haidai koo. Watoto viziwi wanaolelewa na wazazi wanaotumia lugha ya alama hubwabwaja kwa vidole, kama wengine wanavyobwabwaja kwa mdomo, na huipata lugha hiyo kikamilifu. Kwa anayekubali nadharia ya mwendo, hilo halishangazi sana: mkono na sauti huenda ni majirani wa zamani.

Tumemwomba katekista amfikishie mama huyo habari kwamba tulikosea, asisubiri, na amtafutie mtoto watu wanaotumia Lugha ya Alama. Mwezi Juni tunarudi kigangoni. Atakuwa amefikisha miaka 4.