SOMO LA MWEZI: WAZEE WETU WASIACHWE NJE YA MITAMBO



Hebu tuanze na jambo tunaloliona kila siku hapa Kosele. Dani anaishi na wajukuu wake wawili. Ana simu ya kabambe. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007 amezoea kupokea pesa, lakini macho yamechoka, kwa hivyo mjukuu ndiye humsomea ujumbe. Namba ya siri, mjukuu anayo. Siku pesa zikipungua, dani atamshtaki nani? Wengi hunyamaza tu.

Shida si simu peke yake. Tarehe 1 Oktoba 2024, SHA ilichukua mahali pa NHIF, na watu wakatakiwa kujiandikisha upya. Njia moja ni kupiga *147#. Njia hiyo haihitaji intaneti, na hilo ni jema. Lakini ukikawia kujibu, inakatika na unaanza upya. Mtu wa miaka 75 akitafuta miwani, imeshakatika! Tena tangu 2023 serikali imehamishia maelfu ya huduma zake kwenye eCitizen. Na mahali pa kuweka kidole, mkono ulioshika jembe miaka hamsini pengine hausomeki.

Sheria inasemaje?

Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inataka serikali ihakikishe wazee wanashiriki kikamilifu katika mambo ya jamii, wanaishi kwa heshima, na wanapata msaada wa jamaa zao na wa serikali. Mzee ni mtu aliyepita miaka 60. Haki hizo haziishii mlangoni pa kompyuta. Kenya ina mpango wake wa kidijitali wa 2022 hadi 2032, na serikali iliahidi kituo cha kidijitali katika kila wadi, zote 1,450. Basi tuulize: kituo hicho kitakuwa cha vijana tu?

Tufanye nini?

1. Nyumbani: tumfundishe mzee kubonyeza namba yake mwenyewe. Tusimbonyezee. Mazoezi ya siku kumi yanatosha kuanza.
2. Kikundi kichague vijana wawili waaminifu wa kusaidia wazee, mbele ya shahidi, bila kuuliza namba ya siri.
3. Kwenye baraza, wakati maoni yanapokusanywa, wazee wenyewe waseme. Waombe maelezo kwa Dholuo na Kiswahili, muda mrefu zaidi wa kujibu, na dirisha lenye mtu wa kuongea naye pale mtambo unapokataa.

Maswali ya kujadili

(a) Katika boma lako, nani anajua namba ya siri ya mzee? Kwa nini?
(b) Ni huduma gani mzee wa kwenu ameikosa kwa sababu ya mtambo?
(c) Nani atapeleka jambo hili kwa chifu, na lini?

Tusiseme mzee hawezi kujifunza. Yeye ndiye aliyetufundisha kuhesabu.