Mwangwi Unaopima Kibofu

Wengi wetu tunao babu waamkao mara nne au tano usiku kwenda haja ndogo, nao husema, "Ni uzee tu." Pengine si uzee tu, na yafaa tujue sababu yake.

Chini ya kibofu cha mkojo mwanamume ana tezi dume, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Mtu akishapita miaka 50, mara nyingi tezi hii hukua, ikaubana mrija. Hapo mkojo hutoka kwa shida, na mwingine hubaki ndani.

Daktari ataujuaje uliobaki bila kupasua? Hutumia altrasaundi. Sikio letu halisikii sauti yenye mitetemo inayozidi 20,000 kwa sekunde. Chombo hiki hutoa mitetemo milioni kadhaa. Sauti hiyo hupenya mwilini, hurudi kama mwangwi, na mashine huugeuza mwangwi kuwa picha. Mwaka 1958 Profesa Ian Donald na wenzake wa Glasgow walitangaza picha za tumbo zilizopatikana kwa njia hii.

Mgonjwa hupimwa kibofu kikiwa kimejaa, huenda kukojoa, kisha hupimwa tena. Hesabu ni rahisi: urefu mara upana mara kina, mara 0.52. Kibofu kikionyesha sentimita 10, 6 na 5, mkojo uliobaki ni kama mililita 156. Kwa kawaida kwa mtu mwenye afya hubaki chini ya 50.

Daktari hutazama pia kama ukuta wa kibofu umenenepa kwa kusukuma sana, kama tezi imechomoza ndani ya kibofu, na kama figo zimetanuka kwa mkojo uliokosa njia. Hilo la mwisho ndilo la hatari, maana figo zaweza kuharibika pasipo maumivu.

Tukumbuke kwamba ukubwa wa tezi peke yake hautoshi kuwa ushahidi. Tezi ndogo yaweza kuziba njia, na kubwa isizibe. Tena, kibofu kilicholegea chaweza kubakiza mkojo bila kuzibwa. Ndiyo sababu wengine huhitaji vipimo zaidi.

Basi, tukienda likizo, tuwaeleze wazee wetu habari hizi kwa adabu. Wengi huona haya kusema, lakini mficha maradhi, kifo humfichua. Na asiyeweza kukojoa kabisa asingoje asubuhi. Apelekwe hospitali saa ile ile.