Kulea Watoto Texas Bila Gari

Familia nyingi zilizotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma hufika Dallas, Fort Worth au Houston zikakaa muda mrefu bila gari. Leseni inachukua muda, bima ni ghali, na watoto hawangoji. Kwa mzazi wa namna hii uamuzi mkubwa ni nyumba atakayopanga. Ukikosea hapo, mbinu nyingine zote zitakuchosha bure.

Kabla ya kusaini mkataba, usiridhike kuambiwa kwamba basi lipo karibu. Uliza linapita kila baada ya dakika ngapi, linaanza saa ngapi alfajiri, na Jumapili je? Houston ilipanga upya mabasi yake mwaka 2015, na njia za Bellaire na Westheimer zina basi la mara kwa mara hata wikendi. Dallas, mtaa wa Vickery Meadow uko karibu na stesheni ya treni ya Park Lane. Arlington ina watu karibu laki nne lakini haina mabasi ya kawaida, ila magari madogo unayoyaita kwa simu. Na anayekaa Dallas akisali Fort Worth ajue mapema kwamba treni ya TRE inayounganisha miji hiyo haitembei Jumapili.

Kisha pima umbali wa shule, na hapa ndipo wengi wananaswa. Texas huzipa wilaya za shule fedha za kuwabeba watoto wanaokaa maili 2 au zaidi kutoka shuleni, yaani kilomita 3 na ushei. Kwa hiyo nyumba iliyo maili moja na nusu yaweza kuwa mbaya kuliko ya maili tatu: kwa miguu ni mbali, na basi la njano huenda lisije. Kaa karibu kabisa au vuka mpaka huo. Kama umeshapanga katikati na njia ina barabara kubwa isiyo na pa kuvukia, nenda ofisi ya usafiri ya wilaya uulize kama njia yenu inahesabiwa kuwa ya hatari. Wilaya ina ruhusa ya kuwabeba watoto wa njia kama hizo.

Kwenda hospitali ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mtoto mwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali, ana haki ya usafiri wa bure kwenda kwa daktari. Piga simu siku mbili za kazi kabla, omba mkalimani wa Kiswahili, taja idadi ya watoto. Shemeji mwenye gari naye anaweza kusajiliwa alipwe kwa maili, ili mradi safari iidhinishwe kabla hajawasha gari. Lifti za jamaa zina mwisho wake. Malipo hayo yanampunguzia shemeji mzigo, nawe huoni haya kumwomba.

Nunua kiti cha mtoto hata kama huna gari. Sheria ya Texas inamtaka mtoto wa chini ya miaka 8 akae kwenye kiti chake, isipokuwa awe amezidi futi 4 na inchi 9, na anayekupa lifti ndiye atakayepigwa faini. Chagua chepesi. Kwenye basi la mjini hukihitaji.

Manunuzi yafanye kwa kigari cha magurudumu mawili, asubuhi. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 38, na vituo vingi havina kivuli, kwa hiyo maji na kofia ni lazima.

Na watoto watoke, wasifungiwe apatimenti. Bustani ya wanyama ya Dallas ina stesheni yake. Houston nauli ni dola 1.25, na ukilipa kwa kadi unabadilisha basi au treni ndani ya saa 3 bila kulipa tena. Panda treni ya Red Line ushuke Hermann Park: kuna nyasi, miti na ziwa, na kuingia ni bure.