Aliyelinda Nchi Alale Wapi?

Juma hili twataka kujifunza pamoja habari ya nchi ya mbali, lakini yenye kuzigusa nyumba kadha wa kadha za hapa kwetu. Huko Marekani, mgeni mwenye kibali cha kukaa daima aweza kujiandikisha jeshini hata kabla ya kupata uraia, na wako vijana wa Afrika Mashariki, wa kiume na wa kike, waliofanya hivyo. Tunapoletewa picha ya binti aliyevaa sare twafurahi, nasi twadhani ya kwamba maisha yake yamekwisha kutengenea. Swali letu ni hili: siku atakapoivua sare hiyo, atalala wapi?

Swali hili si la mzaha. Katika hesabu ifanywayo Marekani kila Januari, mwaka 2024 walionekana askari wa zamani wapatao 33,000 wasio na makao. Walio wengi ni wanaume, lakini hesabu za miaka hii zaonyesha ya kwamba kiasi cha mmoja katika kila kumi ni mwanamke.

Wanawake hawakuingia jeshini jana. Sheria iliyotiwa sahihi na Rais Truman mwaka 1948 iliwapa nafasi ya kudumu katika majeshi, ingawa iliwawekea mpaka wa asilimia 2. Mpaka huo uliondolewa mwaka 1967. Leo wanawake waliopata kutumika ni karibu milioni 2. Hata hivyo watu wengi wakisikia maneno "askari wa zamani" humfikiri mwanamume tu, na hapo ndipo shida inapoanza.

Tuzichungue sababu. Kwanza, jeshi humpa mtu mshahara, kitanda na chakula kwa pamoja, na siku ya kuondoka vyote hukoma kwa pamoja. Asiye na akiba wala jamaa wa karibu hujikuta mlangoni na mfuko wake mkononi.

Pili, yako majeraha yasiyoonekana. Wanawake waendao kutibiwa katika hospitali za askari wa zamani huulizwa habari hiyo, na kiasi cha mmoja katika watatu hujibu ya kwamba alipokuwa kazini alishambuliwa au alibughudhiwa kijinsia. Mtu wa namna hii atapataje usingizi katika bweni lililojaa wanaume asiowajua?

Tatu, watoto. Mwaka 2011 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa ya kwamba wengi wa wanawake hao walikuwa na watoto wadogo. Na ya kwamba zaidi ya asilimia 60 ya nyumba za hifadhi ya muda zilizowapokea wanawake hazikupokea watoto wao. Maana yake, mama alitakiwa achague kati ya kitanda na mtoto. Ni mama gani atakayechagua kitanda? Ndiyo sababu wengi hawaonekani barabarani. Hulala sebuleni kwa watu, leo huku kesho kule. Au hulala ndani ya motokaa. Au hurudi kwa mume awapigaye. Nao wahesabuji hawawaoni.

Serikali ya huko haikukaa kimya. Uko mpango ulioanza mwaka 1992 na kupanuliwa sana mwaka 2008, ambao humpa askari wa zamani hati ya kumsaidia kulipa kodi ya nyumba, pamoja na mhudumu wa kumfuata na kumshauri. Mpangaji hulipa kiasi cha asilimia 30 ya mapato yake, na hati hulipa sehemu iliyobaki. Mwaka 2010 askari wa zamani wasio na makao walikuwa wapata 74,000. Tumekwisha kuona ya kuwa mwaka 2024 walikuwa chini ya nusu ya hao. Basi, shida hii si amri ya maumbile. Yaweza kupunguzwa.

Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Hati iliyotoka Washington haifungui mlango ikiwa mwenye nyumba haikubali. Haimlei mtoto wakati mama yake anapokwenda kutafuta kazi. Haiketi na mtu usiku anapoamka kwa hofu. Kazi hizi ni za majirani.

Tazameni mifano. Mwaka 1988, mjini San Diego, askari waliorudi kutoka Vietnam walipiga mahema kwa siku tatu, wakawaita wenzao wasio na makao waje wapate chakula, mavazi na daktari. Mwaka uliofuata wakaleta hata hakimu awaamulie kesi ndogo ndogo zilizowazuia kupata kazi na nyumba. Miji mingi ikaiga. Tena yuko Jaspen Boothe, afisa wa jeshi la akiba. Mwaka 2005 tufani ya Katrina ilimharibia nyumba yake New Orleans, na punde si punde akaambiwa ana saratani, naye alikuwa mama aleaye mtoto peke yake. Alipopona hakuisahau shida ile. Mwaka 2010 alianzisha chama kiitwacho Final Salute, kinachowapa wanawake askari makao pamoja na watoto wao. Alijua mlango upi ulikuwa umefungwa, akaufungua huo.

Katika hayo twajifunza mambo matatu. La kwanza, kuuliza vema. Mwanamke akiulizwa, "Je, wewe ni askari wa zamani?" aghalabu husema siyo, kwa kuwa hakupigana vitani. Aulizwe, "Je, ulipata kutumika jeshini?" La pili, mama na mtoto wapokewe pamoja. La tatu, msaada usiandamane na lawama, maana mwenye kuona haya hujificha.

Nanyi wazazi mlio na binti huko, mwandikieni leo. Mwambieni aitunze cheti chake cha kuachishwa jeshi kama atunzavyo hati ya shamba, kwa kuwa bila hicho milango mingi ya msaada haifunguki upesi. Wala msimwulize kwanza ni lini atatuma fedha. Mwulizeni amelala wapi.