Askari wa Mwili Hujuaje Penye Kidonda?

Ukichomwa na mwiba shambani leo, kesho mguu umevimba, una joto na unapwita. Wengi wetu husema mwiba ule una sumu. Lakini uvimbe huo ni kazi ya mwili wenyewe. Tuone inavyofanyika.

Ndani ya damu mna chembe nyeupe. Hizi ndizo askari wa mwili. Damu huzichukua mbio, kama mto uchukuavyo majani. Sasa askari hao watajuaje pa kushukia?

Kwanza, vijichembe vya kugandisha damu hunata pale mshipa ulipokatika, vikashikana, damu ikaganda.

Pili, kuta za mishipa midogo iliyo karibu hutoa vishikizo viitwavyo selektini. Vijichembe vilivyoziba tundu navyo hutoa vishikizo hivyo. Chembe nyeupe ikipita hunaswa, huachia, hunaswa tena. Mwendo wake hupungua, ikawa inabiringika ukutani.

Tatu, chembe hiyo hukaza vishikizo vyake yenyewe, viitwavyo integrini. Hapo husimama kabisa.

Nne, hujipenyeza ukutani, ikatoka nje ya mshipa na kwenda kula vijidudu. Askari wengi hufia kazini, na hao ndio sehemu kubwa ya usaha.

Wako watoto, wachache sana, wanaozaliwa na kasoro ya integrini. Damu yao imejaa chembe nyeupe kupita kiasi, ila haziwezi kutoka mshipani. Kitovu chao hukawia kuanguka, vidonda havitungi usaha wala havifungi vizuri, na vijidudu huweza kuwaua. Basi wingi wa askari si kitu, kama hawana pa kujishika.

Sisi tuwasaidie askari wetu. Tuoshe kidonda kwa maji safi na sabuni. Tusipake udongo wala kinyesi cha ng'ombe, maana humo hukaa vijidudu vya pepopunda. Sumu ya pepopunda chembe nyeupe haziiwezi. Kinga yake ni chanjo. Na uvimbe ukizidi kupanda, au homa ikija, twende zahanati siku hiyo hiyo. Tusingoje.

Maswali ya kujadiliana
1. Ni nini huipunguza mwendo chembe nyeupe?
2. Usaha hutokana na nini?
3. Hapa kijijini watu hupaka nini kwenye vidonda? Je, inafaa?